Nimehamisha meikapu yangu yote kwenye paleti za sumaku: mkoba umepungua, mteja mmoja kanikimbia

#1 Brashi_ya_Mbagala

Wakuu na wadada wa jukwaa la urembo, nawasalimu.

Mimi ni mpambaji wa maharusi, sina gari, napanda daladala na bodaboda kama nyie. Mwezi uliopita nilikuwa na kicheni pati Kigamboni Jumamosi, halafu harusi Bunju Jumapili alfajiri. Pale kivukoni mkanda wa mkoba ukakatika. Niliporudi mtaani nikaupeleka buchani, nikamwomba muuza nyama auweke kwenye mzani. Kilo 11 na gramu 400. Akaniuliza, "Dada, unauza mawe?"

Usiku huo nikamwaga kila kitu kitandani. Kumbe nilichokuwa nabeba si rangi, ni plastiki. Kirangi cha jicho cha gramu moja na nusu kina nyumba yake, bawaba yake na kioo chake. Vioo peke yake nilihesabu 23. Mimi na bibi harusi wangu wote hatuna nyuso za kutosha vioo 23.

Basi nikaamua kung'oa visahani vyote, yaani vile vibati vidogo vinavyoshika rangi, na kuvihamishia kwenye paleti tupu za sumaku, zile bapa kama daftari. Kazi imenichukua wikiendi mbili. Naandika nilichojifunza, pamoja na nilivyoharibu, maana video nyingi zinaonyesha mtu ananyofoa kisahani kwa sekunde tano na muziki nyuma. Si kweli.

Kisahani chenye rangi kimegandishwa kwa gundi chini, na gundi hulainika kwa joto. Unachotakiwa kupasha ni gundi, si rangi. Mimi nilitumia pasi ya nywele: naifunga, nailaza mezani, natandika karatasi ya kuokea juu yake, naweka kikopo cha rangi kikiwa wazi, matako yake ndiyo yanagusa joto. Dakika mbili, tatu. Plastiki ikianza kulegea, nasukuma kwa sindano nene kutokea chini au ubavuni, kisahani kinanyanyuka, nakidaka kwa kibanio na kukiweka juu ya kigae kipoe. Kidole kisiguse, kisahani kinachoma kama kikaango.

Cha kwanza nilikibandua kwa kisu kutokea juu bila kukipasha. Rangi ya shaba niliyoipenda kuliko zote ikapasuka vipande vinne. Cha pili nilikisahau kwenye pasi nikipokea simu, plastiki ikayeyuka na nyumba nzima ikanuka kama jaa linaungua. Fungueni madirisha.

Paleti za kadibodi ni rahisi zaidi. Hazitaki joto, zinataka wembe: unachana kadibodi ya juu, unadondosha spiriti matone mawili pembeni ya kisahani, unasubiri, unakwangua gundi.

Rangi za mdomo nimeziyeyusha, nitaeleza wakiuliza. Faundesheni ya majimaji nilijaribu kumimina kwenye paleti ya vishimo, baada ya wiki ikaota ngozi juu kama uji uliopoa. Nikatupa. Ile haitoki kwenye chupa yake.

Mkoba sasa ni kilo 6 na gramu 900, mzani uleule wa buchani.

Ila Jumamosi iliyopita shangazi wa bibi harusi alifunua paleti yangu, akaitazama, akauliza, "Hizi rangi za wapi, mbona hazina jina?" Nikamweleza. Akamwita bibi harusi pembeni. Nikarudishiwa nauli na asante. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu ya uzi huu.

#2 binti_wa_Chumbageni

Nimeweka kambi hapa. Dada, pasi ya nywele uliiweka joto ngapi? Yangu ina namba mpaka 230.

#3 Brashi_ya_Mbagala

Mdogo wangu, anza chini kabisa, yangu inaanzia 120. Ukiona haijalegea baada ya dakika tatu ongeza kidogo. Ukiiwasha 230 utayeyusha kikopo kabla gundi haijajua kuna moto. Na usitumie ile unayonyooshea wateja nywele, mabaki ya plastiki yakiganda kwenye bamba ndiyo basi tena.

#4 FundiSimu_Makumbusho

Nilikuja kucheka, nimekuta mnafanya kazi yangu.

Hivyo ndivyo tunavyobandua kioo cha simu. Sisi tuna bamba la moto, joto ni kama 80 hivi, haliyeyushi kitu, linalegeza gundi tu. Halafu hatuchokonoi kwa chuma, tunapitisha kadi laini ya plastiki pembeni taratibu. Dada, ukiwa na mashine ya kukaushia nywele, elekeza hewa ya moto chini ya kikopo huku umekishika kwa koleo. Ni polepole kuliko pasi lakini huunguzi kitu.

Swali: hivyo visahani vyote vinashika sumaku? Maana kuna bati na kuna alumini, na alumini haijui sumaku.

#5 Brashi_ya_Mbagala

Fundi umegusa donda. Katika visahani 41, tisa vilikataa. Nimeviweka kwenye paleti, nikaigeuza, vikadondoka miguuni kwangu. Kimoja kimevunjika. Nifanyeje?

#6 FundiSimu_Makumbusho

Tafuta kopo la maziwa ya unga, yale ya bati. Jaribu kwanza kama linashika sumaku. Kata kipande kidogo kwa mkasi wa bati, sugua ncha zisikukate, bandika chini ya kisahani kwa gundi kali, tone moja. Kikikauka kitashika. Kipande kiwe bapa, kikipinda kidogo tu sumaku inapungua nguvu.

#7 MamaKope

Mimi nimepamba miaka kumi na minne. Kabla hamjaenda mbali, naomba tuongee usafi, kwa sababu hapa naona watu wanafurahia sumaku.

Rangi ikishatoka kwenye kikopo chake inakaa wazi na wenzake ishirini. Ukichovya brashi iliyogusa jicho bovu, umechafua mtaa mzima. Mnakumbuka Januari 2024, macho mekundu yalipovamia Dar mpaka Wizara ya Afya ikatoa tangazo? Wenzetu Mombasa nao waliyapata kipindi hichohicho. Wapambaji wangapi waliendelea na brashi zilezile? Mimi nilifunga kazi ya macho wiki tatu, nikala hasara.

Ninavyofanya: poda, nakwangua ngozi ya juu kwa kisu bapa, napuliza spiriti ya asilimia 70, naacha ikauke kabisa kabla ya kufunga. Vya mafuta, yaani konsila na rangi za mdomo, brashi haiingii humo hata siku moja. Nachota kwa mwiko mdogo wa chuma, naweka kwenye bamba la chuma, brashi inachovya pale kwenye bamba. Kilichobaki kwenye bamba kinafutwa, hakirudi. Malengelenge ya mdomo yanaweza kupita kwenye lipstiki, na bibi harusi hatakwambia kama anayo.

Maskara hamhamishi popote. Hiyo mnanunua vijiti vya kutupa, kijiti kimoja mchovyo mmoja.

#8 Kemia_Kidogo

Naongezea kwa MamaKope. Watu wanadhani spiriti ya asilimia 99 inaua zaidi ya ile ya 70. Kinyume chake. Yale maji ndani ya 70 ndiyo yanayoisaidia kupenya kijidudu, tena inachelewa kukauka, kwa hiyo inapata muda wa kufanya kazi. Ile kali inaruka kabla haijamaliza.

Ila kwa kukandamiza rangi iliyovunjika, tumieni ile kali. Haina maji mengi, inakauka haraka na haiachi rangi ikiwa ngumu kama chokaa.

Na faundesheni ya majimaji kuota ngozi: zile nyingi ni maji na silikoni nyepesi inayoruka hewani. Chupa yenye pampu imewekwa kwa sababu, hewa na vidole visiingie. Lipstiki za maji zinazokauka mdomoni nazo ni hivyohivyo, kimiminiko chake kinaruka, tena kinashika moto. Msiziyeyushe wala msizimimine.

#9 shosti_Kinondoni

Naomba hiyo ya kukandamiza iliyovunjika, mwenzenu nina poda ya uso imekuwa vumbi kwenye pochi tangu Pasaka.

#10 Brashi_ya_Mbagala

Shosti, saga vumbi lote kwenye kisahani mpaka liwe laini bila punje. Dondosha spiriti kwa kidondoshea cha dawa, tone kwa tone, mpaka liwe kama ugali mlaini wa mtoto. Lisiwe uji. Funika kwa kitambaa chembamba cha pamba, chukua sarafu inayoingia kwenye kisahani, kandamiza. Kitambaa kinanyonya unyevu, unabadilisha sehemu kavu, unakandamiza tena mara tatu nne. Acha wazi usiku kucha, mbali na jiko. Ile shaba yangu iliyopasuka nimeifufua hivi. Haijarudi kama ilivyokuwa, inatoa vumbi zaidi kidogo, lakini inapaka.

Zile zilizookwa, zenye kichuguu kama andazi, msijaribu. Zikivunjika mng'ao wake unapotea, unabaki na mchanga wa dhahabu.

#11 Kisauni_Makeover

Salaam aleikum nyote. Niko Mombasa. Mimi nimehamisha rangi za midomo tu, nami nina la kusema kuhusu joto la pwani.

Dada hapo juu hakueleza kuyeyusha. Mimi sitii kijiko juu ya mshumaa kama nilivyoona wengine, masizi huingia na kijiko huwa moto upande mmoja. Natia maji kwenye sufuria, natia kikombe kidogo cha chuma humo, lipstiki naikata ndani ya kikombe. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ile nta ya karnauba, ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, inayotiwa kukaza lipstiki yataka zaidi ya 80. Maji ya moto yasiyotokota yatosha kwa nyingi, zile ngumu ngoja zaidi. Ukiona yatoa moshi umeharibu, harufu yageuka na rangi yatengana na mafuta.

Mimina polepole, gongagonga kisahani mezani viputo vitoke. Lipstiki moja ya gramu tatu na nusu hujaza kisahani kidogo cha milimita 26 na hubaki ya zaidi ya nusu ya chengine.

Sasa pwani: Februari hapa, paleti ya mafuta ukiiwacha ndani ya gari, ukirudi wakuta supu. Rangi nyekundu imehamia kwa waridi. Nami nilikuwa nakwenda kwenye kupamba, bibi harusi ameshatiwa hina mpaka mabegani na wanawake wamekaa wanangoja! Tangu siku hiyo paleti za mafuta nabeba kwenye mfuko wa baridi wa chakula cha mtoto.

#12 shosti_Kinondoni

Nimecheka mfuko wa chakula cha mtoto. Nanunua kesho.

#13 Msimbazi_Jumla

Mimi ni muuzaji, sitaji duka. Dada mwenye uzi, mteja wako hana kosa. Sanduku ndiyo jina. Ukivua bidhaa sanduku lake umeivua thamani. Mtu amelipa laki tatu na nusu apakwe kitu anachokijua.

#14 Brashi_ya_Mbagala

Kaka, na wewe unajua kabisa kwamba hayo masanduku yanachapishwa. Nimewahi kununua kikopo kimoja huko huko kwenu, jina la kampuni limeandikwa kwa herufi iliyozidi. Sanduku lilikuwa zuri kuliko la kweli.

#15 Msimbazi_Jumla

Sibishi. Lakini mteja hajui herufi imezidi. Anajua kwamba ipo.

#16 MamaKope

Nyote wawili hamjamwelewa yule shangazi.

Yeye hakuogopa feki. Shangazi wa Kitanzania ameona nini maishani mwake kikiwa kwenye chombo kisicho na jina? Mkorogo, ile krimu ya kuchubua ngozi. Kikopo cheupe, mfuniko mwekundu, dada wa saluni anakwambia "hii nimechanganya mwenyewe, nzuri sana". Na ameona majirani walioungua mashavu. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na tangu 2019 TBS, Shirika la Viwango, ndiyo inayosimamia vipodozi nchini, lakini kikopo kisicho na jina hakikaguliwi na mtu, kinatoka mkononi kwenda usoni. Sasa wewe unamfunulia paleti yenye rangi 40 bila jina hata moja, halafu unamwambia "nimehamisha mwenyewe". Umesema maneno yaleyale ya muuza mkorogo.

Ningekuwa mimi ndiye shangazi ningekurudishia nauli pia.

#17 Brashi_ya_Mbagala

MamaKope, nimesoma hii mara tatu. Sikuwahi kulitazama hivyo. Mimi nilidhani ananidharau kwa kuwa sina sanduku zuri.

Na ukweli niseme, majina niliandika. Niliandika chini ya kila kisahani kwa maka peni, jina na namba ya rangi. Halafu nikapuliza spiriti kama unavyofundisha, yote yakafutika. Kwa hiyo hata mimi siku ile alipouliza hii ni ya kampuni gani, kwa rangi mbili tatu nilikuwa nabahatisha. Nadhani aliniona usoni.

#18 Kemia_Kidogo

Hapo ndipo penye kosa, wala si sumaku. Kabla ya kutupa kikopo tazama mgongoni. Kuna kijichoro cha kopo lililofunguliwa mfuniko, ndani yake namba kama 12M au 24M: hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Kuna na namba ya toleo, yaani ya mkupuo bidhaa iliotengenezwa, imegongwa kwa wino au kuchomwa kwenye plastiki. Bibi harusi akiota vipele, daktari atauliza alipakwa nini. "Rangi ya pichi" si jibu.

#19 Brashi_ya_Mbagala

Mrejesho, wakuu. Nimerudia kazi.

Vikopo vitupu sikuwa nimetupa, vilikuwa kwenye ndoo chini ya kitanda, namshukuru Mungu kwa uvivu wangu. Nimevipiga picha kimoja kimoja, mbele na nyuma, namba zote zinasomeka. Kisha nimekata vikaratasi vyembamba, nikaandika jina, namba ya rangi, namba ya toleo na mwezi niliofungua, nikafunika kwa selotepu nyangavu ndipo nikabandika. Spiriti haivifikii tena. Karatasi iwe nyembamba, nilianza na stika nene na sumaku ikalegea.

Ndani ya mfuniko wa paleti nimebandika ramani: safu ya kwanza hiki, safu ya pili kile. Mteja akifunua anasoma kabla hajauliza. Nilitaka nibebe na vikopo vitupu vya kumwonyesha, nikakumbuka kilo 11.

Rangi sita sikuweza kuzijua ni za nani. Zimekwenda kwenye kisanduku changu mwenyewe, najipaka Jumapili.

Na faundesheni, konsila na praima nimeziacha kwenye chupa zake na nitaziacha. Nimechunguza wiki hii: shangazi wote wanatazama chupa ya faundesheni kwanza. Naipanga mbele, jina likiwatazama wao.

#20 Kisauni_Makeover

Hiyo ya chupa mbele ni ujanja wa siku zote, karibu kwenye kazi.

#21 binti_wa_Chumbageni

Mimi nimejaribu leo na kikopo kimoja cha zamani, nimefaulu! Ila nilitumia mshumaa, pasi ilikatika umeme. Na spiriti ilikuwa pembeni.

#22 Kemia_Kidogo

Binti, hapana. Spiriti na mshumaa havikai meza moja. Mvuke wake unatambaa juu ya meza, huuoni, moto unakufuata wenyewe. Umeme ukikatika, acha kazi ulale.

#23 binti_wa_Chumbageni

Kitambaa cha meza cha mama kimeungua kidogo kwenye kona. Sikutaka kusema.

#24 MamaKope

Mwambie mama yako leo, kabla hajakiona. Na nunua kingine.

#25 shosti_Kinondoni

Jamani poda yangu imeshika! Nimetumia kitambaa cha shuka kuukuu na sarafu. Ina alama ya sarafu katikati, naipenda hivyohivyo.

Swali la mwisho: paleti tupu zenyewe mnanunua au mnatengeneza? Bei niliyotajiwa leo imenikimbiza dukani.

#26 FundiSimu_Makumbusho

Tengeneza. Boksi bapa la bati la biskuti lenye mfuniko, sumaku ndogo unazibandika chini ya visahani badala ya kwenye boksi. Sumaku unazipata kwa mafundi redio, kwenye spika zilizokufa. Zile kubwa za mviringo ziacheni, nzito, mtarudi kilo 11.

Dada wa Mbagala, mke wangu kasoma uzi wote. Anauliza unapamba kwa bei gani, mdogo wake anaolewa mwezi ujao. Anasema shangazi yao ni mkali.

#27 Brashi_ya_Mbagala

Fundi, njoo PM. Mwambie shangazi aje na miwani, ramani nimeiandika kwa herufi ndogo.